Nilienda Rangwe kuomba mke, nikaishia kubishana na TV juu ya staring

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wenye mko kazini na wenye mnajifanya mko kazini.

Hii nawaambia sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga ningejipea sehemu poa, lakini mkisoma mtaona hapa ndani mjinga ni mimi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa movie. Si wale wa kujua director ni nani na camera ilikuwa wapi, hapana. Mimi nataka staring, yaani yule shujaa wa movie, nataka adui, nataka mtu apigwe kwa sababu yenye inaeleweka.

Nauza viatu za mitumba hapa Migori town. Ukinunua kiatu kwangu unapata na maoni ya movie, upende usipende.

Na maoni ninayo! Zile za karate, adui wako ishirini na staring ako mmoja, kwa nini wanakuja mmoja mmoja kama watu wamepanga laini ya daktari? Mshikeni wote muende nyumbani.

Za Kihindi mimi nakubali kila kitu. Mtu anapigwa ngumi moja anazunguka hewani mpaka unaweza maliza chai akishuka. Lakini mama akianza kulia, na mimi nalia. Sina aibu.

Za Nigeria, mchawi anamaliza kijiji mzima, halafu polisi wawili wakifika anaingia kwa gari pole pole kama mtu anaenda harusi. Si uwageuze mbuzi?

Na hizi mpya za watu wa kupaa, jiji inavunjwa yote na hakuna mtu hata mmoja anauliza ni nani atafagia.

Sawa. Tulieni sasa nifike penye naenda.

Kuna movie moja naipenda kuliko zote. Jina sijui mpaka leo, sisi tulikuwa tunasema tu ile ya daraja. Staring alikuwa mwanajeshi, akaacha bunduki, akaanza kupika mkate na mama yake. Adui wanataka ile kiwanja ya bakery. Mengine mnajua.

Niliiona Ogwedhi nikiwa form two. Siku ya soko ya ng'ombe kulikuwa na mtu anaitwa Oti, ako na video show ya mabati na mabenchi za mbao. Mimi nilikuwa natoka shule kupitia shimo kwa fence, na ndio maana form two ikawa form yangu ya mwisho.

Hiyo movie ilikuwa CD mbili. Ya kwanza inaisha staring amezungukwa juu ya daraja, mama yake anaona, jamaa anaruka kwa maji. Screen inakuwa blue.

CD ya pili ilikuwa imekaliwa na mteja. Mteja mkubwa. Ikapasuka mara mbili.

Watu wakaanza kuinua mabenchi kwa hasira. Oti akasimama mbele na torch, akasema, "Jamani, mimi niliiona yote. Kaeni niwamalizie."

Akatumalizia. Wakuu, yule mtu alitumalizia! Tulipiga makofi, wauza ng'ombe wakapiga fimbo chini. Nikarudi nyumbani nikijua hiyo movie kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikuona sababu ya kuitafuta tena.

Sasa kuja hii miaka. Kuna msichana anaitwa Awuor, nyar Rangwe, yaani binti wa huko, alikuja kwa stall yangu kutafuta kiatu ya kanisa. Nikampea kiatu na maoni. Akarudi wiki ingine bila kutaka kiatu. Mengine ni yetu.

Ikafika mahali lazima niende kwao nijulikane. Kwetu Waluo hauendi hivi hivi na mdomo yako. Unaenda na jagam, yaani yule mtu wa katikati, yeye ndio anakusifu na kujibu maswali. Wewe unakaa kama mgonjwa. Jagam wangu alikuwa Uncle Ouma, binamu ya baba, mfanyabiashara wa Rodi Kopany mwenye hiyo familia inamjua.

Njiani akaniambia, "Omera, ndugu yangu, kazi yako leo ni mbili tu. Kunyamaza na kula kidogo."

"Na wakiniuliza kitu?"

"Unaniangalia mimi."

Ilikuwa Sunday, kwa sababu ni watu wa Sabato na Saturday hawawezi pokea mambo kama hayo. Tukafika, tukakalishwa. Baba ya Awuor, mzee mmoja mrefu haongei sana. Wazee wawili wa boma. Na kaka yake Awuor anaitwa Kevo, ameshika remote.

Uncle Ouma akaanza kunisifu. Wakuu, hata mimi nilianza kumtamani huyo mtu. Ati biashara kubwa Migori. Ati nimemaliza form four na nilipita vizuri. Ati mimi ni mtu mpole, nikiongea mara moja kwa siku ni mingi.

Mzee anaitikia tu, "Mmh."

Chakula ikawa bado. Kevo akawasha TV, akapunguza sauti kwa heshima.

Kuangalia hivi, nani naona? Mwanajeshi! Na mkate! Ni ile ya daraja na tayari imeenda mbali. Nikakaza meno. Nikaangalia viatu za wazee, nikahesabu soli.

Staring akafika kwa daraja. Adui wakamzunguka.

Kevo akasema, "Huyu jamaa hapa ndio anakufa."

Mimi nikasikia sauti ikisema, "Staring hakufi." Ilikuwa sauti yangu.

Uncle Ouma akanikanyaga mguu.

Kevo akageuka, "Ati?"

"Hakufi. Anatokea mbele huko, anaokolewa na mama mmoja wa kukausha samaki."

"Bro, mimi nimeona hii movie. Anakufa."

"Hukuona vizuri."

"Wewe umeiona wapi?"

"Mimi nimeiona kabla yako!"

Uncle akanikanyaga mguu ya pili. Wazee wamegeuka wote wananiangalia mimi mpole wa mara moja kwa siku. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama, nikanyoosha kidole kwa TV na nikatamka hivi:

"Huyu staring akikufa, basi mimi sistahili kuwa mkwe hapa!"

Awuor alikuwa anaingia na jagi ya kunawisha watu mikono. Akasimama mlangoni. Alinitazama vile unatazama mtu anaendesha pikipiki kuelekea kwa mtaro.

Mzee akasema, "Ongeza sauti."

Kevo akaongeza.

Staring akaruka. Maji ikafunga juu yake. Mama yake akakuja pembeni ya mto, ameshika mkate kwa kitambaa. Mimi nangoja mama wa samaki. Hakuji. Jua ya movie ikazama, ikapanda tena. Yule mama bado amekaa na mkate. Nikajiambia ni sawa, Oti alisema maji ilimpeleka mbali.

Halafu majina ikaanza kupanda kwa screen.

Majina, wakuu. Nikajaribu kuyasoma yote labda mama wa samaki ametajwa. Kumbe CD ya pili yote ilikuwa hicho kipande kidogo tu.

Kevo alicheka mpaka akashuka kwa kiti. Mzee akachukua remote mkononi mwake, akazima TV. Kutoka jikoni unasikia kuku ikiungua.

"Sasa?" mzee akauliza.

Nikaangalia Uncle Ouma, vile aliniambia. Uncle Ouma alikuwa anaangalia dari.

Basi nikasema yote. Siku ya soko, Oti, CD ya pili, mteja mkubwa, torch.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Hiyo siku ya soko si ni siku ya shule?"

"Ndio, mzee."

"Ulikuwa form gani?"

"Two."

"Na three ulikuwa unaona movie gani?"

"Three sikufika, mzee."

Akageuka pole pole. "Ouma, wewe umesema form four."

Uncle akakohoa. "Nilimaanisha kwa akili."

Mzee mmoja akaficha uso na kofia, mabega zinatingika. Lakini baba ya Awuor hakucheka. Akaniangalia hapa katikati ya macho.

"Shule, nusu. Movie, nusu. Kijana, kuna kitu umewahi kumaliza?"

Wakuu, nilifikiria kweli. Nilitafuta kitu hata kimoja. Nikakumbuka sahani za chakula tu.

"Bado, mzee," nikasema.

Nilijua imeisha. Awuor pale mlangoni ameinamisha kichwa na jagi inamwaga maji kwa miguu yake, hata haoni. Hiyo iliniuma kuliko majina ya TV.

Ndio sauti ikatoka kwa pazia ya jikoni. Mama yake. Kumbe alikuwa amesimama hapo akiona movie na sisi, na sauti yake ilikuwa ya mtu amelia.

"Na huyo Oti alisema yule mama wa mkate alifanya nini?"

Sasa kwetu mkwe haongei ovyo na mama mkwe, wala hamwangalii macho kwa macho. Kwa hivyo nilijibu nikiangalia kalenda kwa ukuta. Nikaambia kalenda vile staring aliokolewa akiwa hawezi kusimama. Vile yule mkubwa wa adui akapanga harusi yake na akatafuta wapishi. Vile staring akaingia na apron na ndevu za uongo, akapika mikate ya wageni wote.

"Na mama yake?"

"Alilazimishwa kukuja kubeba sahani. Akakata mkate moja, akaona vile imefungwa katikati kama nywele ya msichana. Ni yeye alimfundisha kufunga hivyo. Akajua mtoto ako jikoni. Hakupiga kelele. Alichukua mwiko, akaenda akasimama mbele ya mlango, adui asipite."

Nilisahau niko wapi. Nikawa adui, nikawa mwiko. Nikapigana na kiti cha wageni. Yule mzee wa kofia akasema, "Mpige huyo!" Nikampiga.

Nilipomaliza, mama akapangusa uso na pazia. "Hiyo ndio ilifaa," akasema.

Kevo akasema, "Lakini mama, hiyo ni uongo!"

"Nyamaza wewe. Na ukweli yako imeniliza Sunday mzima."

Wazee wakatoka nje kuongea. Wakakaa huko. Uncle Ouma alikuwa anapumua tu kwa mapua.

Wakarudi. Mzee akakaa, akanyoosha miguu.

"Umesema na mdomo yako hustahili kuwa mkwe hapa."

"Ndio, mzee."

"Tumesikia. Lakini kwa hii boma ni sisi tunasema nani anastahili. Si wewe, na si TV." Halafu akageukia jagam wangu. "Ouma, mrudi na watu wenu, tutawapokea. Lakini wewe siku hiyo pumzika nyumbani. Huyu akuje ajisemee. Yeye akidanganya, angalau ni kitu anaamini."

Awuor akakimbia jikoni. Nikasikia huko ndani kelele ya wanawake, wakuu, kelele tamu, mpaka kuku zikatoroka uani. Nilikula kidogo vile niliambiwa, halafu nikaongezwa, halafu nikaongezwa tena, na sikukataa.

Uncle Ouma hajanipigia simu tangu hiyo siku. Nasikia anasema nimemharibia CV.

Funzo yenye nilitoa ni hii. Ukienda kwa wakwe na TV iko on, omba ukae kiti yenye imegeukia mlango. Na ukitumia mtu kukusifu, muonyeshe kwanza matokeo yako, asikupandishe mahali utaanguka.

Na ule mwisho wa kweli nimeambiwa niko huru kuurudia kwa simu. Sitaki. Yangu iliisha kwa harusi.

Haya, leteni zenu. Nani hapa alimaliziwa movie na mtu wa video show, na alishika huo mwisho miaka ngapi kabla aaibike? Na wa kunicheka wacheke, nimezoea, lakini waache na maoni ya karate pia. Kwa nini wanakuja mmoja mmoja?