Majani ya Kumwoshea Mwinyimvua

Shangazi yangu Mwanahawa ukimwomba jani hakupi mpaka umwambie la nini. Mtu katoka Salale, ng'ambo ya mkondo, na mtumbwi wake, anataka mchaichai tu, atasimamishwa uani kama kashitakiwa kwa liwali. Wa chai au wa homa? Maana wa chai anaukata juu, wa homa anaung'oa na mizizi yake. Kivumbasi hivyohivyo: cha kufukuzia mbu anakupa kilichokauka, cha mtoto mwenye mafua anakuchumia kibichi. Watu wanaona jani ni jani. Kwake yeye jani halijawa kitu mpaka lipate mwenye shida nalo.

Na si rahisi kuwa na majani kule kwetu. Kote ni tope la chumvi na mikoko. Alipoolewa kutoka bara, upande wa Kibiti, alikuja na mitumbwi saba imejaa udongo. Watu walimcheka mume wake: wenzio wanaletewa vyombo, wewe unaletewa shamba! Mume yule kafa, na wa pili kafa, udongo upo. Na katikati ya ule udongo ukasimama mkunazi, mmoja tu, hakuna mwingine karibu.

Sasa mkunazi kazi yake kila mtu anaijua. Majani yanapondwa, yanatoa povu, anaoshewa maiti. Ukija kuomba mkunazi shangazi hakuulizi la nini. Anakuuliza nani.

Ilikuwa mwaka ule Mzungu wa misitu alipotoa vibali vipya vya kukata boriti, wanaume karibu wote wako mikokoni. Asubuhi, maji yameanza kupwa, tukamwona Sadala anakuja mbio, tope mpaka magotini. Hakupiga hata hodi.

"Bi Mwanahawa, naomba mkunazi."

Shangazi akaacha ufagio. "Nani?"

"Kaka. Mwinyimvua."

Kha! Mwinyimvua mkata boriti, mtu wa kubeba magogo mawili begani! Shangazi akasema innalillahi, machozi hayo, akaanza kuchuma. Jirani akasikia, akapiga yowe. Kapu limefika nusu, shangazi akauliza, "Kafa saa ngapi?"

Sadala akatazama chini. "Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajafa."

Wallahi nilidhani sikusikia. Hata jirani alikata kilio katikati.

"Usinitazame hivyo, Bi Mwanahawa. Maji yanakupwa. Mchana mkondo wote tope, mtumbwi haupiti. Akifa alasiri tutampata wapi mkunazi? Alale mpaka kesho, na joto hili? Siku ya tatu hasemi. Tukaona tujiandae."

"Na sanda mmeshanunua?"

"Tumeazima."

"Na kaburi?"

Sadala akaanza kukwangua tope magotini.

"Sadala, nakuuliza. Kaburi?"

"Wameanza tu. Usipoanza mapema unashindana na maji, chini kule yanajaa haraka."

Shangazi alikaa chini kwenye udongo wake, akashika kichwa. Kisha akanyanyuka, akang'oa mchaichai na mizizi, akautia humohumo kapuni juu ya mkunazi, akaniambia, "Shika upondo, sukuma mtumbwi, twende kabla maji hayajaisha."

Tulikuta nyumba imefungwa madirisha, joto kama tanuri. Mwinyimvua kalala, midomo imepasuka, anapumua kwa shida. Mashavu mkewe kakaa pembeni, macho yamevimba. Shangazi akauliza kanywa nini.

"Hajanywa. Toka juzi. Mtu wa homa ukimpa maji unammaliza."

"Nani kakwambia?"

"Wote wanasema."

Shangazi akafungua madirisha. Akamnywesha maji ya mchaichai kwa kijiko, yakatiririka shavuni. Mwili unawaka. Basi akachukua beseni, akaponda mkunazi, povu likapanda. Hapo Mashavu akasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Namwogesha. Jani hili linapoza mwili."

"Jani la maiti! Mume wangu yuhai!"

"Yuhai, wewe umemletea sanda?"

"Ukimgusa na maji hayo, akifa ni wewe umemuua. Nitasema mbele ya watu, nitasema mpaka kwa Mzungu bomani!"

"Sema. Sasa nipishe."

Mie nilitaka kumshika mkono shangazi. Nilijua akifa yule, sisi hatuvuki ule mkondo tena. Hakunitazama. Akaanza kichwani, akashuka mikononi, akafika miguuni, anamimina taratibu na harufu ile imejaa chumba, harufu ya msiba. Mashavu kageukia ukuta. Sijui muda gani ulipita. Beseni la pili, la tatu.

Mara Mwinyimvua akafumbua macho. Akatazama dari. Akanusa. Akautazama mguu wake, na povu, na mikono ya shangazi.

"Bi Mwanahawa."

Sadala, anayetuchotea maji, aliangusha kata.

"Ee, baba."

"Mwanamke unamwosha mwanamume? Wanaume wa Salale wamekwisha?"

Mungu wangu! Nilitoka nje nikarudi. Shangazi alicheka, akalia, povu mpaka puani.

"Hujafa, Mwinyimvua."

"Sasa mkunazi wa nini?"

Alitutazama mmoja mmoja, polepole, macho yakatua kwenye ile sanda iliyokunjwa juu ya kiti.

"Nani katuma?"

Sadala akafungua mdomo. Mashavu akamtangulia, bado kaukabili ukuta.

"Mie."

"Nikiwa napumua?"

"Ukiwa unapumua. Niliogopa utalala mpaka kesho hujaoshwa. Niliogopa watu."

Mwinyimvua akageuza kichwa kwenye dirisha. Nje tulisikia majembe, maana hakuna aliyekwenda kuwaambia wale wachimba kaburi waache.

"Mashavu," akasema. "Nipe maji."

Mashavu akageuka, akamtazama shangazi kwanza. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mashavu akateka kata ya maji mtungini, nusu ikamwagika kifuani kwa mumewe. Mwinyimvua akanywa nusu iliyobaki yote, akamrudishia kata.

"Tena."