Mkanda Uliomkuta Baba Mkwe

Chekeni mtakavyo, maana hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe bila kusubiri jembe la mtu. Nilidhalilika mbele ya mtu ambaye kwa mila hata uso wangu hapaswi kuuona.

Kile chumba cha mikanda pale Tunduma ni sisi wanawake wa sokoni tuliokianzisha, na hili nalisema kifua mbele. Tulichangishana tukanunua televisheni na deki, tukakusanya mikanda ya video yenye habari za wanawake (mkunga, mjane aliyepigania shamba lake, mama aliyeendesha lori), tukawa tunaazimisha, unachukua, unaangalia na majirani zako, unarudisha, mpaka akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wakawa wanavuka mpaka kuja kuazima kwetu. Mkanda mmoja tuliutengeneza wenyewe. Tulimkodi mpiga video wa harusi, kila mmoja wetu akakaa kwenye kiti akasimulia maisha yake, na jamaa kwa mazoea yake akatuwekea maua yanayodondoka pembeni ya picha, unaeleza ulivyofukuzwa na mgambo huku unamwagiwa waridi. Mkanda ule tuliupenda kuliko yote.

Sasa, chumba chenyewe kilikuwa cha baba mkwe wangu. Alikijenga zamani akileta maharage kutoka kwao Ibaba, kikabaki tupu, mume wangu akatuombea. Halafu akatokea mfanyabiashara wa mahindi, akakitaka kwa kodi nzuri, na mzee akatuma neno kwamba anakuja kuona kwa macho yake tunafanya nini humo, kisha aamue. Mnaelewa hapo? Chumba kikienda, maktaba imekufa, maana Tunduma hata kibaraza kina mpangaji.

Kwa asiyejua, kwa Wandali kama sisi mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Akija nyumbani anakohoa tangu mbali ili nijifiche, jina lake silitamki, na tukiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu mwingine hata kama tumetenganishwa na ukuta tu. Kwa hiyo tukapanga mimi nikae nje, nyuma ya dirisha, na Esta mwenzangu, yule anayebadilisha kwacha pale mpakani, aendeshe deki ndani.

Kosa langu lilikuwa dogo na nililionea fahari. Kuna waume waliokuwa wananuna wakiona mikanda yetu, wanasema inawafundisha wake zao kiburi, basi nikaona dawa ni kuitia yote kwenye makasha ya mikanda ya kwaya, yenye picha za waimbaji. Nani atamnunia mkewe kwa kuangalia kwaya? Nilijiona mjanja kweli. Sikufikiri kwamba kwaya zote za mkoa huu huvaa majoho yanayofanana.

Siku ikafika, chumba kikajaa, baba mkwe akakaa mbele na wazee wenzake. Tulikuwa tumechagua mkanda wa mkunga, mpole, hauna ugomvi na mtu. Nikamnong'oneza Esta dirishani, "Weka ule wa kwaya ya majoho ya kijani." Kumbe kwaya za kijani zilikuwa mbili.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye televisheni. "Baba mkwe wangu, jamani, nyie hamumjui!" Halafu nikajisikia nikikohoa kama anavyokohoa yeye, na nikakumbuka kwamba baada ya kile kikohozi niliinuka kitini, nikafunga mikono mgongoni, nikaiga na mwendo wake. Chumba kikaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla, nadhani walikumbuka aliyekaa mbele.

"Esta, zima," nikagonga dirisha.

"Tulia, Mama Tuse," akanijibu, "umetokea vizuri."

Ningefanyaje? Kuingia siwezi, kukaa kimya siwezi. Nikajifunika kanga gubigubi, nikaingia kinyumenyume ili nisimtazame mzee (niliona ni busara), nikawa napapasa kuelekea kwenye deki, mguu ukanasa kwenye waya, nikaenda chini puu, kanga kule, na nilipoinua macho nilikuwa nimekalia miguu ya baba mkwe, tunatazamana.

Deki haikuzimika. Mimi wa chini nimekuwa bubu, mimi wa kwenye televisheni naendelea, nasimulia jinsi alivyonikataza kwenda kuuza maharage mpakani, jinsi nilivyotoroka alfajiri na gunia kichwani, nikasikia kikohozi njiani, nikajitosa kwenye mahindi ya watu, naye akapita. "Mpaka leo," nikamalizia huku maua yakinidondokea, "sijui kama aliniona." Hapo ndipo Esta akazima.

Mzee alitazama ukuta. Akamwambia Esta, "Mwambie mama huyo, mimi sikohoi kama mbuzi."

Esta akaanza kunigeukia, mzee akaendelea.

"Na mwambie nilimwona. Mguu mzima ulikuwa nje ya mahindi."

"Sasa mbona hukumrudisha?" mzee mwenzake akauliza.

"Nimrudishe wa nini? Maharage yalikuwa yanaoza ghalani na wanangu wa kiume walikuwa wanaogopa mpaka."

Nililia pale pale sakafuni, na si aibu iliyoniliza. Miaka yote ile nilidhani nimeiba njia, kumbe mwenyewe alinipisha, na sasa amelisema mbele ya watu.

Kosa la kumgusa mkwe husafishwa kwa kuku, nikatoa jogoo. Mzee akaagiza apikwe hapo hapo na aliwe ndani ya chumba, na wote waliokuwepo wakaonja. Alipomaliza kunawa akasema, "Mwambieni yule wa mahindi atafute kwingine. Hapa nimekula kuku wa mke wa mwanangu." Chumba tunacho hadi leo, na kila mkanda umeandikwa jina lake la kweli kwa herufi kubwa, anayenuna na anune.

Ila mkanda wetu aliondoka nao. Akaubeba kwapani mpaka Ibaba bila kuaga, na mimi mtunza maktaba, ninayewafuata watu mpaka jikoni kudai mikanda, nitamdaije mtu nisiyeweza kusema naye? Wiki chache baadaye akashuka kwenye lori mama mmoja wa Ibaba, simjui, ana mavumbi mpaka kwenye kope. Akasema mkanda unazungushwa nyumba kwa nyumba, mzee mwenyewe ndiye anayeuazimisha, na yeye ana ya kwake anataka kuyasema mbele ya kamera.

Nikamvutia kiti. Nikamwambia utasema yote, mama, usibakize hata moja, ila kwanza nieleze baba mkwe wako anaishi wapi.