Nusu Kichwa Kwenye Foleni ya Sabuni

Nywele zangu zilijulikana mtaani kwetu Kariakoo kabla sijajulikana mimi mwenyewe. Zilikuwa nyingi, ngumu, na zenye kisirani. Zilivunja machanuo ya mti, zikapinda ya chuma. Majirani waliosifiwa kwa mkono mwepesi wa kusuka, wakiniona nakuja na kigoda, walikumbuka ghafla kwamba wameacha maharage jikoni. Waliobaki kunisuka ni mama na bibi, ambao hawakuwa na pa kukimbilia.

Jumamosi asubuhi uani kwetu tulisukana kwa treni. Bibi alikaa kwenye kiti, mama akakaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya bibi, nami nikakaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti ya mama. Bibi alimsuka mama, mama alinisuka mimi, na mimi nilishika bakuli la mafuta ya nazi. Treni hiyo ilikuwa na ubaya mmoja. Bibi akimvuta mama, mama alinivuta mimi, kwa hiyo kila wiki nilibeba maumivu ya watu wawili. Nikilalamika naulizwa nani aliyewahi kufa kwa kusukwa.

Siku za kawaida nilisukwa twende kilioni, ile mistari inayotoka kwenye paji la uso moja kwa moja hadi kisogoni, msuko wa haraka ambao mtu husukwa hata akiwa anangojwa msibani. Lakini Jumamosi ninayoisimulia haikuwa ya kawaida.

Kijana mmoja wa Mchafukoge, fundi redio, alikuwa ameleta barua ya posa. Mara ya kwanza alikuja kwetu kutengeneza redio ya baba, akaitengeneza vibaya makusudi ili aitwe tena. Nilimpenda kwa hilo tu, mengine nikayapenda baadaye. Baba aliikubali barua, lakini kwao neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Shangazi huyo alikuwa amekwisha kuwakataa wasichana wawili, mmoja kwa kucheka kabla mzaha haujaisha, mwingine kwa kupika chai nyepesi. Sasa Jumamosi hiyo, baada ya alasiri, alikuwa anakuja kuniona mimi. Akinikataa, yamekwisha. Kijana aliniambia hivyo waziwazi, bisibisi mkononi.

Mama aliamua hii si siku ya mistari. "Mbele mawimbi," alisema, "juu mnara."

Mawimbi alikuwa akiyatengeneza kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Nywele zilipakwa mafuta, zikapitishwa kitana, zikalia chwaa, zikanyooka, kisha mama akazilaza kwa kuzipinda huku na huku akizishikiza kwa vibanio. Mnara ndio uliokuwa na kazi. Nywele zangu zikishanyooshwa zilipoteza ujeuri wote na kukataa kusimama. Wigi nazo zilikuwa zimekatazwa mjini, kwamba si utamaduni wetu. Basi mama akachukua soksi nyeusi, akaijaza sufi aliyoichomoa kwenye mto, akaifunga fundo, akaiketisha utosini pangu, na kuanza kuzizungushia nywele.

Soksi ilikuwa ya baba. Baba alikuwa na jozi moja tu ya maana, aliyovaa ofisini kwake Posta na siku za kupokea wageni. Mama alisema hata hataikumbuka.

Upande wa kushoto ulikuwa umekamilika, mawimbi yamelala na nywele zimepanda kuikumbatia soksi, na upande wa kulia bado ni kichaka, pale jirani alipochungulia uani. Hakupaza sauti, maana habari kama ile ukiipazia sauti umeigawa.

"Sabuni imeshuka," alisema.

Wakati ule wa bidhaa adimu maneno hayo yaliwainua hata wagonjwa. Mche mmoja kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe asimame dukani aonekane. Treni ikavunjika. Bibi alitoka na chanuo mkononi, mama na nusu yake ya kichwa, mimi na yangu, sote tumejitanda kanga. Bibi alipitishwa mbele kwa uzee wake, mama naye akapita kwa kumshika mkono eti asianguke, na mimi nikaachwa mkiani nijitegemee.

Foleni za siku zile hazikuwa za watu peke yao. Walisimama pia kapu, ndoo, kandambili na matofali, kila kimoja kikishika nafasi ya mtu aliyekwenda kushughulikia mambo yake. Mbele yangu palikuwa na jiwe. Foleni iliposogea jiwe halikusogea, nami sikuona sababu ya kulingoja. Nikalipita.

Nilipokuwa nimebakiza watu wachache kufika dirishani, mwanamke mfupi wa makamo akaja mbio kutoka upande wa Mnazi Mmoja, kanga imemfunika hadi nyusi. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Binti, umenipita."

"Sijampita mtu," nikajibu. "Nimepita jiwe."

"Hilo jiwe ni mimi."

"Basi mbona hukusogea?"

Watu walicheka, na mimi nikafanya kosa la kufurahia. Yule mama alinishika mkono anirudishe nyuma, nikajinasua, na katika kunasuana huko kanga zetu zote mbili zikadondoka mabegani. Foleni nzima ikatugeukia. Mimi nilikuwa na mawimbi upande mmoja na kichaka upande wa pili, na kwa aliyesimama kulia kwangu soksi ilionekana vizuri kabisa. Yeye nusu ya kichwa ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi, vijiti vimesimama kila kimoja na mawazo yake, na nusu nyingine haijaguswa.

"Hawa wawili ukiwaunganisha," alisema mzee mmoja nyuma yetu, "unapata mtu mmoja aliyesukwa."

Nilijifunika haraka. Zamu yangu ilipofika muuzaji alinipa mche, kisha akafunga dirisha. Wangu ulikuwa wa mwisho. Yule mama hakugomba tena. Alikitazama kichwa changu kwa muda, akaokota jiwe lake, akaondoka nalo.

Nyumbani tulifanya kazi kwa kasi ya moto. Upande wa kulia ukanyooshwa, mawimbi yakalala, mnara ukafungwa ukasimama sawasawa, na bibi, ambaye sifa alizitoa kwa kijiko cha chai, alisema nafanana na mtu. Nilijitazama kiooni nikajipenda. Nilijiona nimekwisha kuolewa.

Ndipo mlango wa mbele ukabishwa.

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza. Nilichungulia kwenye pazia la chumba, nikamwona mwanamke mfupi, kilemba kirefu kimefungwa kwa ustadi, kapu mkononi, kaja peke yake maana, kama nilivyokuja kujua, hakupenda kusaidiwa kutazama. Nikarudi nikakaa kitandani.

"Mama," nikanong'ona, "ni lile jiwe."

Mama aliniwekea kiganja shingoni kupima homa. Bibi ndiye aliyeelewa upesi nilipowasimulia.

"Huko foleni ulimwamkia?"

"Sikumwamkia, bibi."

"Na ulimjibu?"

"Nilimjibu."

Bibi alifikiri kidogo. "Alichokiona ni kichwa," alisema. "Uso wako hakuushughulikia. Tubadilishe kichwa."

Mpango ukawa huo. Mama aende barazani amshike mgeni kwa chai, nzito iwezekanavyo, na bibi abaki chumbani aubomoe mnara na kunisuka twende kilioni, nitoke nikiwa msichana mwingine kabisa, mtulivu, asiyejua foleni. Bibi alianza na upande wa kushoto, kwa hoja kwamba ndio ulioonekana ukiwa umetengenezwa. Alivuta vibanio, akaumwagia maji. Nywele zangu, zilizokuwa zimenyamazishwa tangu asubuhi, zilipoonja maji zikajikunja na kusimama zote kwa pamoja. Bibi alikuwa bado anatafuta mstari wa kwanza tuliposikia sauti kutoka barazani.

"Mwali wenu mbona hatoki? Chai yenu nimeimaliza."

Bibi alinifunika kanga, akanisukuma mlangoni. "Usiivue," alisema. "Hata nyumba ikiungua."

Nikatoka, nikapiga goti kwenye mkeka, nikaamkia kwa kisauti chembamba ambacho hata mimi sikukitambua. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vua kanga nikuone."

Nikamtazama mama. Mama aliutazama ukuta.

"Nimekuja kuona," alisema shangazi, "sikuja kubahatisha."

Nikavua. Kulia kwangu mawimbi yalikuwa yamelala kama yalivyofundishwa, na kushoto kichaka kilikuwa kinadondosha maji begani. Shangazi aliweka kikombe chini polepole.

"Asubuhi," alisema, "ulipendeza upande wa kushoto."

Na katika dakika hiyohiyo baba aliingia kumsalimu mgeni kama ilivyo heshima, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, na mimi, kwa kugeuka kumtazama, nikautikisa mnara. Ulikuwa hauna tena wa kuushika upande wa pili. Soksi ikateleza, ikaanguka mkekani mbele ya magoti ya shangazi, na sufi ikachungulia kwenye fundo lililolegea.

"Kumbe iko hapa," alisema baba. "Nimeitafuta tangu adhuhuri."

Akaiokota, akaikung'utia sufi dirishani, akaketi kitini, akaivaa, kisha akasema, "Karibu sana, dada."

Wengine wangecheka. Mimi nilimwona fundi redio wangu na bisibisi yake wakienda zao kwa msichana mwenye kichwa kizima, na nikalia. Nililia kwa sauti, pua na yote, mawimbi yakilia pamoja nami upande mmoja. Nilimtaka yule kijana kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilikuwa nimempoteza kwa mche wa sabuni.

Shangazi aliningoja nifike mwisho wa pumzi. Kisha akainua mikono, akalegeza kilemba chake, akakivua. Upande mmoja uzi mweusi, vijiti vimesimama. Upande wa pili haujaguswa.

"Mimi ndiye lile jiwe," alimwambia mama. "Nilimwacha msusi ananisuka nikakimbilia foleni, na niliporudi mikono mitupu yeye keshaondoka. Nikafunga kilemba nisije kuaibika mbele ya watu wazuri." Akanigeukia. "Mche wangu uko wapi?"

Nilikimbia nikaja nao. Aliunusa pande zote mbili, akautia kapuni, akaufunika kwa kitambaa.

"Wale wawili niliowakataa," alisema, "wangelingoja jiwe. Kutwa wangelingoja. Nyumba yangu ina wiki hazihesabiki tunafulia majivu, mnataka nimwozeshe mwanangu mtu wa kungoja mawe? Huyu nimemtaka. Ila atafundishwa kuamkia."

Bibi, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote, akatoka na chanuo lake kana kwamba aliitwa. Tukahamia uani. Treni ikapangwa upya: bibi kwenye kiti, mama mbele ya bibi, mimi mbele ya mama, na shangazi, baada ya kukataa mara moja kwa adabu, mkekani mbele yangu. Nilishika uzi mweusi nikaanza kumfunga upande uliobaki. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa mwisho wa treni. Bibi alimvuta mama, mama akanivuta mimi, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na wa kumvuta. Nilijizuia. Ilikuwa vigumu, lakini nilijizuia.

Nikaolewa, nikahamia Mchafukoge, na redio nyumbani kwetu haikuwahi kufanya kazi vizuri hata siku moja. Shangazi tuliishi naye chumba cha pili. Nilimsuka kila Jumamosi hadi mikono yangu ikakijua kichwa chake kuliko changu, na nilimpenda kwa namna ambayo sikuitegemea. Sabuni iliposhuka, au sukari, au unga, tulitoka wote wawili na vichwa vyetu jinsi vilivyo, tukaweka jiwe moja, lilelile, kisha tukarudi kivulini kumalizia kusukana. Watu walilalamika kwamba jiwe moja haliwezi kushika nafasi ya watu wawili.

"Hilo jiwe ni sisi," shangazi aliwaambia, na hakugeuza kichwa, maana nilikuwa nimekishika.