Uji kwa Chupa ya Tomato

Kama kuna kazi ninayoijua chini ya jua hili, ni kufinya chupa. Nimeuza chipsi Kanyakine, karibu na stendi, miaka kumi na moja, na kila siku ya Mungu nimefinya ile nyekundu ya tomato na ile ya manjano ya pilipili mpaka kidole gumba changu cha kulia kikawa kinene kuliko mwenzake. Najua chupa iliyojaa haifinywi kama iliyobaki robo. Ukiifinya kwa hasira inakohoa, inakutemea hewa kwanza, halafu inamwaga kila kitu kwa mpigo mmoja juu ya shati la mteja, na mteja wa Kanyakine akimwagiwa tomato utadhani umemchinja. Ncha ya kifuniko nayo ukiikata pana, umeiharibu. Hayo yote nilikuwa nayajua. Jambo lililonishinda ni kumfanya baba yangu afungue mdomo.

Baba alipooza upande wa kulia mvua za Oktoba zikianza. Alikaa hospitalini wiki mbili, akarudi nyumbani na mkono wa kulia umelala pajani kama mzigo alioachiwa na mtu, mdomo umevutwa upande. Maneno yalitoka polepole, lakini akili ilikuwa nzima, na ukaidi ulikuwa mzima zaidi. Muuguzi alitueleza mbele yake: chakula kiwe laini, uji uwe mzito kidogo asije akapaliwa, aketi wima anapokula. Baada ya mwezi tumrudishe apimwe uzito. Akiendelea kupungua, watamlaza tena na kumpitishia mpira puani. Baba alikuwa amelala kando ya mzee mwenye mpira huo, akaona mzee anavyofungwa mikono kwa bendeji ili asiuchomoe. Kwa hivyo alijua tunachozungumza. Nilidhani hilo litatosha.

Wapi! Alirudi nyumbani akafunga mdomo kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mama alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yangu alifanya kazi Embu, akija mwisho wa mwezi. Aliyekuwa pale bomani kila siku ni mke wa kaka, wifi yangu, na yeye huwezi kumwambia amlishe baba mkwe. Kwetu mke wa mwana hata kusimama karibu wakati mzee anatafuna ni shida, sembuse kumtia kijiko kinywani. Alipika, akaweka mezani, akatoka akiangalia chini. Basi nikabaki mimi. Nilikuwa nafunga kibanda saa saba mchana, wakati watu ndio wanataka chipsi, napanda ule mlima na aproni yangu ya mafuta, nafika, nachukua kijiko.

"Mimi si mtoto," anasema.

"Najua, baba. Fungua."

"Mimi si mtoto."

Siku ya nne nikamjibu, "Na mimi si mke wako, lakini unamwona mwingine hapa?" Ndiyo, nilisema hivyo. Haki ya Mungu nilijuta kabla neno la mwisho halijatoka, lakini lilikuwa limetoka, na yeye akageuza uso akaangalia ukuta hadi nikaondoka.

Msidhani kwamba sikujaribu njia nyingine. Nilimpa kikombe ashike mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mkono ulitetemeka, uji ukaingia kifuani. Nilimletea mrija, lakini upande ule wa mdomo uliolegea ulivuta hewa tu. Nilimpa kijiko chepesi cha plastiki, kikafika mdomoni kitupu. Kila mara akichafuka aliniangalia nikimfuta shati, na nikiona anavyoniangalia nilitamani kulia, na badala ya kulia niligomba. Ndivyo nilivyoumbwa. Wengine wakiwa na uchungu hunyamaza, mimi hupiga kelele.

Mshipi wake nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Wiki ya pili nikautoboa tena.

Basi siku moja nipo kibandani, mkono wa kulia unageuza viazi kwenye mafuta, wa kushoto unamfinyia mteja tomato, na simwagi hata tone. Nikasimama hivyo hivyo. Mteja akaniambia, "Mama, unanizamisha." Sahani yake ilikuwa imegeuka mchuzi. Lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wangu wa kushoto. Chupa ina kifuniko, haimwagiki ukitetemeka. Haihitaji kuvutwa, inafinywa. Nilijiona mwerevu kuliko madaktari wote wa hospitali ile.

Nilichukua chupa moja nyekundu nikaiosha kwa maji moto, kwa majivu, kwa ndimu, kwa magadi. Harufu ya tomato haikutoka, na hadi leo nasema haitatoka hata kiyama. Nikakata ncha kwa wembe, pana kiasi cha uji. Nikampelekea wifi aijaze.

"Chuja kwanza," nikamwambia. "Uji wa wimbi una chembe, utaziba."

"Nichuje?" Akaweka mikono kiunoni. "Uji wangu umenywewa harusini na watu mia, haujawahi kuchujwa."

"Watu mia hawakuunywa kwa chupa ya tomato, wifi!"

Hakuchuja. Na mimi, kwa hasira, sikuchuja. Nikampa baba chupa mkononi, nikamwelekeza. Akafinya. Ikaziba. Akafinya tena kwa nguvu zake zote, na zilikuwa zimebaki nyingi kuliko nilivyodhani, kwa sababu kifuniko kiliruka kikagonga kalenda ya kanisa na uji wote ukanipata usoni. Nikapangusa macho. Niliomba Mungu acheke. Hakucheka. Aliitupa chupa sakafuni.

"Anayenyweshwa kwa chupa ni ndama," akasema. Sentensi ndefu kuliko zote tangu atoke hospitalini, na ilikuwa hiyo.

Nilimwambia ndama angalau hunywa. Nilimwambia nimechoka, kibanda changu kinakufa, na yeye anakufa makusudi. Nikaiosha chupa, nikaitupa kwenye kikapu cha dirishani, nikashuka mlima nikiongea peke yangu. Zilikuwa zimebaki siku tisa tumpeleke apimwe.

Siku mbili baadaye akaja mwenzake wa rika. Huyu mzee na baba walitahiriwa asubuhi moja, na kwetu hilo ni zaidi ya undugu, maana ndugu yako unaweza kumheshimu, lakini wa rika lako humheshimu hata kidogo. Alikuwa Kiambere kwa bintiye miezi kadhaa, akarudi akasikia habari. Aliingia bila kupunguza sauti.

"Kumbe hujafa? Nimetembea na viatu vyangu vya matanga bure!"

Nusu ya uso wa baba ikasogea. Mimi nilikuwa sijaiona ikisogea hivyo.

Wifi akaleta jagi la uji na vikombe viwili, akatoka. Nikainuka kumwagia mgeni. Mzee akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Wewe ndiwe mwenye nyumba?"

"Mzee, baba hawezi kuinua jagi. Si unamwona?"

"Namwona. Yuko hapo, macho yamemtoka. Tangu lini nikaingia nyumba ya mtu wa rika langu nikakaribishwa na mtoto?"

Ai! Nilisikia damu ikipanda. Nimeamka saa kumi na moja kumenya viazi, nimeacha wateja, na huyu amekuja kunifundisha adabu kwetu! Nikamwambia basi akae na kiu. Akasema sawa, atakaa na kiu. Na akakaa. Aliweka fimbo kati ya magoti, akamwangalia baba. Baba akamwangalia yeye. Uji ukaanza kufanya ngozi juu. Mimi nimesimama na jagi kama sanamu.

Kisha baba akainua mkono wa kushoto akaonyesha dirishani. Nilidhani anataka nifungue. "Hapana," akasema. "Ile."

Ile chupa. Nikaileta. Nikachuja uji kwa chujio la chai, bila kumwuliza wifi, nikaijaza. Baba akaichukua, akaegemeza kiwiko mezani ili mkono utulie, akainamisha ncha juu ya kikombe cha mwenzake. Ilikohoa mara moja. Halafu uji ukashuka, mzito, bila haraka, na kati ya kufinya na kufinya aliiachia chupa ivute hewa, kitu ambacho nimewaambia wateja wangu miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kunisikia. Kikombe kikajaa. Hakukuwa na tone mezani.

"Mkono ni wa kushoto," baba akasema. "Uniwie radhi."

"Mkono mtupu ndio haulambwi," mzee akajibu. "Huo una uji."

Lakini hakunywa. Alishika kikombe akangoja, na hapo hata mimi nikaelewa anangoja nini. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Ni mambo ya wazee na pombe yao, sisi wengine tumeyaacha. Baba hakuwa ameyaacha. Akaleta chupa kwenye ule upande mzuri wa mdomo, akafinya, akameza. Akafinya tena.

Mzee naye akanywa, akakunja uso. "Unanuka chipsi huu uji!"

Baba akacheka. Uji ukamtoka kidogo, akajifuta mwenyewe kwa mkono wa shati. Nami nilienda nje nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, maana wiki tatu nilibembeleza, nikaomba, nikafoka, na huyu mzee kwa dakika kumi tu amefaulu kwa kukaa!

Baada ya hapo akawa anakuja kila mchana. Usiniulize kuhusu huyo mzee. Alikunywa vikombe vitatu. Alisema sukari ni kidogo. Alitaka siku ya Alhamisi iwe ndizi zilizopondwa na maziwa, nyepesi zipite kwenye ncha, na wifi, aliyekataa kunichujia mimi, alimchujia yeye mara mbili. Alitia uongo hadithi za ujana wao mpaka baba akawa anamsahihisha kwa maneno yaliyonyooka kila siku zaidi. Na kila kikombe baba alimimina kwa chupa, akaonja kwanza, akanywa naye. Mshipi ukarudi tundu moja. Muuguzi akampima, akaandika, akaniambia, "Umefanya kazi nzuri." Nikataka kumwambia ukweli, nikaona aibu.

Kisha mvua ikatelezesha njia, yule mzee akaanguka akavunjika mguu. Bintiye akaja na gari akampeleka Kiambere, na huko angekaa hadi mfupa ushike. Tulimweleza baba. Akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Siku ile wifi aliweka chupa na vikombe viwili. Baba hakugusa. Aliangalia mlango. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilifika nikakuta uji wa asubuhi umeganda ndani ya chupa.

"Baba, rafiki yako hayuko. Anakula mbuzi huko Kiambere, amekusahau!"

Aliendelea kuangalia mlango.

"Unataka ule mpira? Sema kama unautaka, nikupeleke leo leo!"

Nikajaza chupa upya, nikamwekea mkononi. Akairudisha mezani, taratibu, ikasimama wima. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira unaweza kugombana naye, lakini yeye alikuwa amekaa tu mbele ya kikombe kisicho na mtu.

"Utaniua mimi kwanza!" nikapiga kelele, nikatoka, nikabamiza mlango hadi mabati yakalia.

Nilisimama kando ya tangi la maji. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilikuwa na aproni, mikono inanuka mafuta, na sikuwa na neno lingine la kumtukana baba yangu. Wifi alichungulia kutoka jikoni, akaona sura yangu, akarudi ndani. Nilikaa hapo mpaka pumzi ikatulia. Nikavua aproni, nikaitundika kwenye mfereji wa tangi. Nikajifuta uso. Nikarudi mlangoni, na badala ya kusukuma, nikabisha.

"Hodi."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimebisha mlango huo. Nilizaliwa nyuma yake.

"Hodi hapa!"

"Nani?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Mgeni."

Nilihesabu matone yakidondoka kutoka paani.

"Karibu."

Nikaingia. Sikukaa kwenye kigoda changu cha kila siku. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikafunga mikono mapajani, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu kuliko kumenya gunia la viazi. Baba akasogeza kikombe kikawa mbele yangu, akaegemeza kiwiko, akafinya. Alinijazia. Akageuza chupa, akaonja, akameza, akaonja tena.

"Umetoka mbali?" akaniuliza, kama aulizwavyo mgeni.

"Mbali sana, baba," nikamwambia, na nikanywa.