Mkebe wa Githeri Juu ya Bomba

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka akilini: siku ambayo githeri yangu, mahindi na maharagwe tu, nusura imfukuzishe Mzee Wafula kazi.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, kibarua katika kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Chakula tulikibeba kwa mkebe, na kufikia saa saba kilikuwa baridi. Sasa, bomba la mvuke kutoka kwa boila, tangi la kuchemshia maji, lilipita karibu nasi, limevishwa blanketi nene ili joto lisipotee njiani. Mimi mjanja nikalipasua lile blanketi kwa kisu, nikaweka mkebe juu ya chuma kitupu. Githeri ikapata moto upesi. Wenzangu wakaniiga. Bandu bandu huisha gogo. Mwezi haukuisha, bomba lote likabaki uchi.

Mvuke ukawa unafika kwenye mapipa ya rangi ukiwa hauna nguvu. Vitambaa vikatoka na madoadoa, na supavaiza, msimamizi wetu, akamwambia Mzee Wafula, mtu wetu wa kuchochea boila, kwamba amezeeka, Ijumaa aende nyumbani.

Mzee alilifuata lile bomba polepole, kiganja karibu nalo bila kuligusa, mpaka akafika kwangu.

"Hii mkebe ni ya nani?"

"Ni yangu, Mzee."

Hakunifokea. Alinipeleka kwenye mdomo wa boila. "Haya, tia kuni, msichana wangu." Nilitia mpaka jasho likaniingia machoni. "Hiyo joto mnaachilia huko," akasema, "mimi huirudisha hapa na mgongo."

Nililia, sikufichi. Nikaenda mwenyewe kwa supavaiza, nikakiri. Mzee akabaki kazini. Adhabu yangu ikawa kulishona upya lile blanketi kwa sindano ya magunia. Na unajua alichofanya yule mzee? Kesho yake alituambia tumletee mikebe yote, kwa kuwa mlangoni pa boila palikuwa na joto la bure. Alitupashia chakula hadi alipostaafu. Namshukuru hata leo.

Nawe unaniambia kiwanda chenu kinaacha kuchoma mafuta mazito, ila mtambo mpya wa kuchemsha maji kwa umeme haufikishi mvuke wa kutosha, na wakubwa wanataka kurudi kwenye moshi. Mitambo yenu siijui, na joto la kiwanda si la kuchemshia chai. Pengine blanketi pekee halitatosha. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kutafuta moto mkubwa zaidi, lifuate bomba kwa miguu yako, uone joto linapotelea wapi, na uwaulize wanaokula hapo mchana. Wanajua.

Mungu akupe mkubwa wa kukutia kuni mkononi kabla ya kukupa barua ya kufukuzwa. Na siku utakayokosea, akupe ulimi wa kusema, "Ni yangu, Mzee."