Tawi la Mlima Poroto

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, katikati ya miaka ya hamsini, nilivuka milima ya Poroto kwa miguu pamoja na shangazi yangu Tusekile. Alimbeba mgongoni mwanawe Lusajo, wa miezi saba, aliyekuwa anahema kwa shida. Tulikuwa tunampeleka hospitali ya misheni, upande wa pili. Mimi nilibeba kibuyu cha maji.

Njia ilipita kwenye vijiji vya nyumba tatu nne, kisha ikaingia kwenye mianzi. Pale juu, karibu na ziwa Ngozi ambalo hatukuliona kwa ukungu, palikuwa na rundo la matawi lililonifikia kifuani. Kila mpita njia aliongeza tawi bichi, alilolivunja kwa mkono wake mwenyewe, ili mlima uwaachilie wote aliofuatana nao. Shangazi aliweka lake. Alimshikisha na Lusajo jani, akaliangusha pale.

"Vunja lako, mama, tuondoke," aliniambia.

Akatangulia. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na tawi nililolishika lilikataa kukatika. Nikaliacha, nikapita.

"Unakuja, au unangoja mlima ukubebe?" aliniita akicheka.

Tulishuka muda mrefu. Ukungu ulipofunguka tukaona bati la hospitali likimeta bondeni. Ndipo midomo ya Lusajo ilipoanza kuwa ya kijivu. Shangazi akasimama.

"Uliweka tawi?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. "Hapana, shangazi."

Hakunipiga. Alitazama lile bati, kisha akatazama tulikotoka. "Tukiteremka hivi tunapeleka maiti."

Tukarudi juu. Nilivunja tawi kwa meno, nikaliweka, tukashuka tena mbio mbio. Lusajo alikata roho kabla hatujafika kwenye mto wa bondeni. Shangazi hakumfungua mgongoni. Alimbeba hivyo hivyo mpaka mlango wa hospitali, akamwambia muuguzi mtoto amelala.

Chuo kikuu nimesoma habari za nimonia. Nimechukua ramani, nikaipima njia ile kwa rula na uzi, kila kona: kule kurudi kulituchukua kama saa tatu. Siwezi kuapa kwamba saa hizo zingemwokoa. Lakini huwa naamka alfajiri nikizipima upya, na kila mara nafika kwenye ile hapana yangu. Nilifundishwa kusema kweli. Ningedanganya, tungefika.

Likizo iliyopita nilimwambia shangazi hivyo, jikoni kwake. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho.

"Ungedanganya, naye akafia hospitali," alisema, "ungebeba mzigo huu peke yako. Sasa tumebeba wawili."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.