Kichwa cha Jiwe na Mjomba Wangu

Kwa miezi mitatu mizima niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Waolmeki wa kale wa Meksiko walikuwa watu wa Kongo waliovuka bahari wakielea juu ya mipira. Ushahidi? Kinyozi wangu wa mtaa wa Winson Green, huku kwa Waingereza, Mkongo wa kutosha. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya kichwa kikubwa cha jiwe walichochonga Waolmeki: midomo minene, pua pana, kofia imebana. Akazima mashine, mteja wake akabaki na upara wa nusu.

"Kaka, huyu ni mutu wa kwetu kabisa!" akasema. "Tena si umesema ndio walianza kutengeneza mipira? Mpira unatoka wapi kama si Kongo?"

Hoja hiyo nani angeipinga? Isitoshe, jiwe lenyewe lilifanana na mjomba wangu wa Nakuru, yule anayenuna hata harusini.

Nilikuwa nasoma shule ya jioni Kings Heath. Mtihani wa mwisho ulikuwa kusimama mbele ya darasa, kueleza ustaarabu mmoja wa kale kwa dakika kumi, kisha kujibu maswali. Mara ya kwanza nilifeli: nilifungua mdomo, hewa ikatoka, maneno yakabaki ndani. Sasa nilikuwa na nafasi ya pili, na ndiyo ya mwisho. Bila cheti, ningeendelea kukunja mashuka ya hospitali kule Edgbaston mpaka nami nizungushiwe sanda.

Siku yenyewe jasho lilinitoka ndoo mbili. Mkononi nilikuwa na karatasi mbili, ya kwanza kutoka vitabuni, ya pili kutoka kwa kinyozi.

Mwalimu wetu, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Tulia, bwana. Hakuna simba hapa." Kisha akaligeukia darasa na kutangaza kwa Kiingereza kwamba swali la kwanza litatoka kwa mama wa kiti cha nyuma, kwa sababu kwao ni Tabasco, Meksiko, huko huko walikoishi Waolmeki.

Simba nikamwona. Na mama mwenyewe tulikuwa tumegawana biskuti muhula mzima, mimi nikidhani ni Mhispania!

Karatasi ya kwanza niliisoma kwa sauti ya mbu. Nikaeleza walivyoburuta majabali mazito kama malori kutoka milimani, bila gurudumu, bila ng'ombe wala punda. Walivyoyachonga kwa mawe mengine, maana chuma hawakuwa nacho. Mifereji yao ya mawe ya kupitishia maji. Utomvu wa mti walioutengeneza mpaka ukadunda. Darasa likanikodolea macho. Nilihisi wananizika.

Nikaitazama karatasi ya pili. Niikunje? Dakika nne zilikuwa bado, na akiba yangu yote ilikuwa kinyozi. Nikaisoma: Kongo, mipira, mjomba, vyote.

Mkono wa nyuma ukapanda.

"Umewahi kumwona mtu wa kwetu?" akauliza mama.

Kubishana naweza, nimezaliwa nako. Lakini woga ulikuwa umeninyang'anya hata ubishi.

"Zaidi yako wewe, sijui," nikasema. "Nilimwuliza kinyozi. Nilipaswa kukuuliza wewe. Hawa wa mawe ni akina nani?"

Mwalimu akaandika kitu kwenye fomu. Baadaye aliniambia ni swali langu hilo lililonipenyeza kwenye mtihani.

Mama akaja mbele na simu yake. Palikuwa na picha ya mzee kwenye kiti cha plastiki, midomo minene, pua pana, amenuna.

"Huyu ni mjomba wangu," akasema. "Hakuna aliyetoka ng'ambo. Watu wa pale pale walichonga sura zao wenyewe, na sisi bado tupo."